Rekodi Moja, Sura Nyingi: Mipangilio ya Kusomea Kipimo cha Ubongo Iandikwe Kwenye Majibu

Mgonjwa anayetoka kupima umeme wa ubongo, kipimo ambacho wodini na kliniki hujulikana kwa herufi EEG, kwa kawaida huondoka na bahasha yenye karatasi moja au mbili. Ndani yake mna aya fupi ya kitaalamu, sahihi ya daktari na pengine kipande cha picha ya mistari iliyopindapinda. Karatasi hiyo ndiyo atakayoitembeza kwa miaka mingi, kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya rufaa na kurudi. Ikiwa imeandikwa kwamba ubongo wake umeonesha mawimbi ya kifafa, basi kuanzia siku hiyo kuna dawa ya kila siku, kuna swali la kuendesha gari, kuna swali la posa. Kwa binti aliyeanzishiwa valproeti kuna pia swali la mimba, kwa kuwa dawa hiyo inajulikana kuongeza hatari ya kasoro za kimaumbile kwa mtoto aliye tumboni.

Hata hivyo, karatasi ile siyo kipimo. Kipimo chenyewe ni faili iliyobaki ndani ya kompyuta ya hospitali: data ghafi, yaani maelfu kwa maelfu ya namba zilizochukuliwa kutoka kichwani mwa mgonjwa kwa muda wa nusu saa hivi. Daktari hazisomi namba hizo moja kwa moja. Husoma mchoro ambao programu humchorea anapoifungua rekodi na kuichezesha upya, na mchoro huo hutegemea mipangilio iliyochaguliwa wakati huo: kichujio gani kimewashwa, wimbi limekuzwa kiasi gani, sekunde ngapi zimewekwa kwenye ukurasa mmoja, elektrodi ipi inalinganishwa na ipi. Madaktari wawili waaminifu wanaweza kufungua faili moja na kuona sura mbili zisizofanana. Kwa sababu hiyo, majibu yasiyotaja mipangilio hayajakamilika, na hospitali inayotunza karatasi ikafuta faili imetupa kipimo ikabaki na maoni tu.

Jambo hili halikuwa tatizo zamani. Hans Berger, daktari wa Kijerumani aliyerekodi kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu huko Jena mwaka 1924 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1929, hakuwa na cha kuchezesha upya: mstari ukishachorwa, umechorwa. Mashine za kalamu na wino zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Karatasi ilikwenda kwa mwendo wa milimita 30 kwa sekunde, hivyo kipimo cha dakika 30 kilitoa karatasi ya mita 54, furushi la kubebwa kwa mikono miwili. Fundi sanifu aliyebadilisha kichujio au ukuzaji wa wimbi katikati ya kipimo alipaswa kuandika badiliko hilo palepale kwenye karatasi kwa mkono wake, na mwanzoni mwa rekodi alichora mawimbi ya urekebishaji ili msomaji ajue mikrovolti 50 zina kimo gani. Sura ya rekodi na masharti ya kuisomea vilikaa pamoja. Kompyuta ilipoingia, nidhamu hiyo ililegea. Mipangilio sasa hubadilishwa kwa kubonyeza kitufe, na kitufe hakiachi alama ya wino.

Inafaa kueleza kidogo kilichomo ndani ya faili. Katika mpangilio wa kimataifa uliochapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958, elektrodi 19 huwekwa juu ya ngozi ya kichwa na mbili masikioni. Kila moja hupimwa, tuseme, mara 256 kwa sekunde, ikilinganishwa na elektrodi moja ya rejea. Kwa kuwa kila namba ni tofauti ya umeme kati ya sehemu fulani na ile rejea, programu inaweza baadaye kutoa namba moja kwenye nyingine na kuunda ulinganisho wowote: jirani kwa jirani kutoka mbele kwenda nyuma, kushoto kwa kulia, au kila elektrodi dhidi ya wastani wa zote. Hii ndiyo neema kubwa ya zama za kompyuta, na ni vigumu kueleza kwa nini baadhi ya vitengo huisoma rekodi nzima kwa mpangilio mmoja tu, kana kwamba bado wanatumia karatasi. Wimbi lenye ncha linaloonekana la kutisha katika mpangilio mmoja mara nyingi hujulikana asili yake likitazamwa katika mwingine. Pengine ni elektrodi iliyolegea, ambayo huonekana peke yake bila majirani zake kushiriki. Pengine ni sikio lililotumika kama rejea, ambalo limechafuka na kuchafua mistari yote ya upande huo.

Mahali penye hatari kubwa zaidi ni vichujio. American Clinical Neurophysiology Society, chama cha wataalamu wa fani hii nchini Marekani, kinaelekeza kwamba kwa kipimo cha kawaida kichujio cha chini kisizidi hezi 1 na kichujio cha juu kisishuke chini ya hezi 70. Wengi wanaofanya kazi hii wanayajua maelekezo hayo. Lakini ni nani ambaye, akiwa na mgonjwa mwenye hofu aliyekaza taya na mistari imejaa vumbi la misuli, hajashawishika kukishusha kichujio cha juu hadi hezi 15 ili ukurasa upendeze? Ukurasa hupendeza kweli. Misuli, ambayo umeme wake ulikuwa vichaka vya miiba mifupi inayotambulika hata na mwanafunzi, hupoteza ukali wake na kugeuka mawimbi laini yaliyochongoka kiasi, yanayofanana sana na yale ya ubongo. Uchafu haukuondoka, umebadilishwa vazi tu. Msomaji anayeukuta ukurasa huo bila kujua kwamba kichujio kiko kwenye 15 anaweza kuandika neno ambalo mgonjwa atalibeba maisha yake yote. Suluhisho la misuli iliyokaza ni kumtuliza mgonjwa, kumwambia aachie taya na kufungua mdomo kidogo, na kusubiri. Muuguzi au fundi mwenye maneno mazuri huisafisha rekodi kuliko kichujio chochote.

Kichujio cha chini nacho kina madhara yake. Kikipandishwa hadi hezi 5 ili kuondoa jasho na mitikisiko, mawimbi ya polepole huyeyuka. Mawimbi hayo ndiyo yanayoweza kumwonesha daktari kwamba upande mmoja wa ubongo una jeraha, uvimbe au kiharusi. Ukurasa utakuwa umenyooka, na mgonjwa atarudi nyumbani na majibu yanayosema hakuna tatizo.

Kuna pia kichujio cha umeme wa gridi, ambacho Afrika Mashariki kina kisa chake. Gridi zetu huenda kwa hezi 50, za Marekani kwa 60. Mashine iliyoletwa kwa msaada kutoka huko, ambayo hakuna aliyeifungulia ukurasa wa mipangilio tangu ilipotolewa kwenye sanduku, inaweza kuwa inachuja hezi 60 ambazo hazipo na kuziacha 50 zikinguruma juu ya kila mstari. Fundi huona mistari minene, hudhani mashine ni mbovu, hushusha kichujio cha juu hadi 30 au 15, na hapo tunarudi kwenye tatizo lililokwisha elezwa. Kurekebisha namba moja kungetosha. Lakini hata kikiwekwa sawasawa, kichujio hiki si cha kuwashwa daima. Mstari mmoja unaonguruma wakati mingine ni safi ni taarifa: elektrodi yake haijashika vizuri. Kikizima mngurumo, huzima na taarifa hiyo.

Ukuzaji wa wimbi huwachanganya wanaoanza, maana namba yake huenda kinyume. Kwa mikrovolti 7 kwa kila milimita, wimbi la mikrovolti 70 hupanda sentimita moja. Kwa mikrovolti 20, wimbi hilohilo halifiki milimita 4. Namba ikiongezeka, wimbi husinyaa. Anayerithi mashine kutoka kwa mwenzake wa zamu iliyopita anaweza kuona ubongo uliofifia au ubongo unaotoa radi, na vyote viwili ni mgonjwa yuleyule. Katika chumba cha wagonjwa mahututi jambo hili hufikia ukali wake wa mwisho. Maelekezo ya kurekodi pale inaposhukiwa kwamba ubongo umekoma kabisa kutoa umeme yanataka ukuzaji wa mikrovolti 2 kwa milimita, elektrodi zinazolinganishwa ziwe umbali wa sentimita 10 au zaidi, na rekodi isiyopungua dakika 30. Mstari ulionyooka kwa mikrovolti 7 hauthibitishi lolote mbele ya ndugu wanaosubiri nje.

Kioo chenyewe ni sehemu ya kipimo, ingawa ni nadra kutajwa. Programu nyingi huomba, mara ya kwanza zinapofungwa, mtumiaji aweke rula juu ya kioo na kuieleza kompyuta milimita moja ina urefu gani. Hatua hiyo hurukwa, na tangu hapo kila kimo kinachotajwa kwenye majibu ni cha kukisia. Tena kompyuta ndogo ya kawaida yenye doti 1366 kwa upana inaombwa kuonesha sekunde 10 zenye namba 2560 kwa kila mstari. Haziwezi kuenea zote. Ncha ya milisekunde 30 hupewa doti nne hivi. Ukurasa ukibanwa kuwa wa sekunde 30, hupewa moja, labda mbili, nayo hupotea kwenye msongamano. Kubana ukurasa kuna faida zake, hasa kwa watoto wachanga na kwa kutafuta mawimbi yanayojirudia polepole, lakini anayebana hana budi kurudi kwenye sekunde 10 kabla ya kutamka kwamba hakuona kitu.

Upo mstari mmoja ambao huonewa zaidi ya yote. Chini kabisa ya mistari ya ubongo hurekodiwa mstari wa moyo, kwa elektrodi moja au mbili za kifuani. Katika kusoma upya, msomaji anayetaka nafasi huuficha. Sasa chukulia kijana aliyeletwa kwa sababu huanguka ghafla, hukakamaa kidogo, hutikisika, kisha huamka baada ya muda mfupi. Ndugu husema kifafa, na kwa macho ya kawaida hawana kosa. Lakini mtu ambaye moyo wake umesimama kwa sekunde kadhaa naye huanguka, hukakamaa na kutikisika, kwa kuwa ubongo umekosa damu. Tukio kama hilo likitokea wakati wa kipimo, mistari ya ubongo huonesha mawimbi makubwa ya polepole, kisha mnyooko, kisha mawimbi tena. Mstari wa moyo ulio chini ndio wenye jibu: umenyooka kabla ya ubongo. Aliyeuficha ataandika tukio la ghafla la ubongo, na kijana ataanzishiwa dawa ya kifafa. Ikiwa dawa hiyo ni kabamazepini, ambayo inaweza kuzidisha tatizo la upitishaji wa umeme ndani ya moyo, tiba itakuwa imeongeza hatari ileile iliyomwangusha. Hata pale ambapo hakuna tukio lolote, mstari huo huzuia kosa dogo la kila siku: mapigo ya moyo yanayojipenyeza kwenye mistari ya ubongo na kuchukuliwa kuwa ncha. Zikienda sambamba na moyo pigo kwa pigo, si za ubongo. Kuuficha mstari huo kwa ajili ya sentimita mbili za kioo ni uchoyo usio na maana.

Yapasa kukiri mipaka ya kuchezesha upya. Mipangilio ya kusomea hubadilisha mchoro, haibadilishi faili, na ndiyo maana inaweza kutenguliwa. Mipangilio ya kurekodia ni kitu kingine. Elektrodi iliyowekwa mahali pasipo pake haisogezwi na programu. Kichujio kilichowashwa wakati wa kurekodi, kabla namba hazijahifadhiwa, kimekata, na kilichokatwa hakirudi. Rekodi iliyohifadhiwa tayari ikiwa imelinganishwa jirani kwa jirani, bila rejea yake ya asili, imefunga milango mingine mingi. Na kikohozi, kufumba macho, dakika za kupumua kwa nguvu au kumulikwa na taa visipowekewa alama na fundi wakati vinatokea, msomaji wa kesho atakutana na mistari isiyo na hadithi. Sahihi zaidi ni kurekodi kwa upana, kuweka alama kwa bidii, na kuchuja baadaye kwa kiasi.

Watakaopinga hoja hii watasema kwanza kwamba vitengo havina muda. Mstari mmoja wa maandishi hauhitaji muda. Ukiwekwa chini ya majibu, unaweza kusomeka hivi: "Imesomwa kwa vichujio vya hezi 1 na 70, kichujio cha gridi hakikutumika, mikrovolti 7 kwa milimita, sekunde 10 kwa ukurasa, mipangilio mitatu ya elektrodi, mstari wa moyo umeonekana." Mahali ambapo msomaji alilazimika kutoka kwenye namba hizo, ataje dakika na sababu. Mkuu wa kitengo anayeuona mstari huo kila siku atagundua upesi ni nani anasoma kwa hezi 15.

Watasema pili kwamba hakuna nafasi ya kutunzia. Hesabu yake ni rahisi. Mistari 25, namba 256 kwa sekunde, baiti mbili kwa kila namba, kwa dakika 30, ni takribani megabaiti 23. Video chache za harusi zilizomo kwenye simu ya mfanyakazi yeyote wa hospitali zinaizidi rekodi hiyo. Picha za video zinazorekodiwa sambamba na kipimo ndizo nzito, na zinaweza kupunguzwa hadi sehemu zenye matukio. Kufuta data ghafi ya ubongo wa mtu kwa kisingizio cha nafasi ni hoja iliyokuwa na uzito zamani za diski ndogo. Leo imepitwa na wakati.

Hoja ya tatu ina nguvu zaidi: kwamba kosa la kusoma halitokani na vichujio pekee, bali na hamu ya kuona kifafa pale ambapo mgonjwa ameshaandikiwa neno hilo kwenye fomu ya rufaa. Hilo ni kweli. Kuna mawimbi yenye ncha yanayotokea kwa watu wazima wenye afya wanaposinzia, na yamewapa wengi ugonjwa wasio nao. Kuna pia upande wa pili, kwamba kipimo kilicho safi hakifuti kifafa, maana mara nyingi mawimbi yake hayatokei katika nusu saa ya kurekodi. Kifafa hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya mgonjwa na ya aliyeshuhudia tukio. Lakini hapo hasa ndipo faili ghafi inapohitajika. Ugonjwa ulioandikwa kimakosa hauwezi kufutwa kwa kusoma upya karatasi. Hufutwa kwa kuifungua rekodi, kuichezesha kwa mipangilio inayokubalika, na kulitazama upya wimbi lile lililoshtakiwa. Na neno lenyewe ni zito. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wametengwa kwa sababu iliaminika kwamba mate yao huambukiza. Imani hiyo haijaisha kote. Mtu hatakiwi kuvishwa jina hilo kwa sababu ya taya iliyokaza na kichujio kilichosahaulika.

Mgonjwa naye anayo nafasi yake. Anaweza kumwuliza daktari, kwa adabu na bila kuogopa kuonekana mjuaji, kama rekodi yenyewe imehifadhiwa, itakaa muda gani, na kama anaweza kupewa nakala anapopelekwa hospitali nyingine. Nakala hiyo isiwe picha za kurasa tu. Iwe faili katika muundo unaofunguliwa na programu za makampuni mbalimbali, kama ule wa EDF uliobuniwa na watafiti wa Ulaya mwaka 1992 na kuongezewa uwezo mwaka 2003. Jambo la kuvutia ni kwamba wabunifu wake walitenga ndani ya kichwa cha faili, kwa kila mstari, herufi 80 za kutajia vichujio vilivyotumika kabla ya kuhifadhi. Nafasi hiyo ipo miaka yote hii, na faili nyingi huiacha tupu.

Kichwa hichohicho cha faili kina pia herufi 80 za utambulisho wa mgonjwa, nazo kwa kawaida hazikosi kujazwa. Faili inayotumwa kwa WhatsApp kwa daktari bingwa ili atoe maoni ya haraka inaweza kuwa imebeba jina, namba ya hospitali na tarehe ya kuzaliwa, hata kama aliyeituma alilibadilisha jina la faili lenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na ya Kenya ya mwaka 2019 vivyo hivyo. Programu nyingi za kusomea zina amri ya kutoa nakala isiyo na utambulisho. Fundi anayeandaa faili ya rufaa aitumie amri hiyo, kisha aifungue nakala mwenyewe kabla ya kuituma, akiangalia mambo mawili: kwamba jina halimo, na kwamba rejea ya asili bado imo.